Mume wangu hataki tena kupanda gari langu

Mjomba, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, na leo nimeona na mimi nikuandikie, maana jambo lenyewe nikiwaeleza watu wa karibu wanacheka. Wanasema, "Yaani mnagombana kwa ajili ya gari?" Ndiyo, tunagombana kwa ajili ya gari, na tumefika mahali tunalala bila kusemezana.

Nina gari dogo la saluni la mwaka 2002, injini ya cc 1500, gia za otomatiki. Nililinunua kwa fedha yangu kabla sijaolewa, likiwa limeshatumika. Nilidunduliza mpaka bei ikatimia, sikukopa kwa mtu. Ndicho kitu kikubwa cha kwanza nilichowahi kumiliki. Si gari la kumvutia mtu: rangi ya boneti imechuja, mlango wa nyuma wa kushoto unafunguka kwa nje tu, na kutu imeanza kula chini ya milango. Lakini asubuhi nikiwasha, injini inaitika mara moja.

Na hilo halikuja lenyewe, Mjomba. Nina daftari. Kila mara oili ya injini ilipomwagwa, kila plagi, breki pedi, shokapu za mbele, pampu ya maji, rejeta, stata, vyote nimeviandika kwa tarehe na kilomita. Nimejifunza kusikiliza pia. Najua beringi ya gurudumu inavyovuma na najua tairi lililoliwa upande linavyovuma, na havifanani. Fundi wangu ni yule yule tangu mwanzo. Hanidanganyi, kwa sababu anajua nitamwomba kifaa cha zamani nikione kwa macho yangu.

Sasa gia boksi imeanza. Asubuhi nikitia D, gari linakaa kwanza, halafu ndipo linashtuka na kuondoka. Likishapata moto, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapanda mzunguko kana kwamba imeachiwa, kisha gia inaingia kwa kishindo. Fundi aliliendesha kidogo, akarudi akaniambia, "Mama, gia boksi imekwisha." Nichague kuifungua na kuisuka upya, au kuweka nyingine ya mtumba. Kwa hesabu yake, njia yoyote kati ya hizo itakula karibu nusu ya fedha ambayo ningepata kama ningeuza gari likiwa zima.

Mume wangu aliposikia hivyo akasema hiyo ndiyo nafasi tuliyokuwa tunaingoja. Anataka tuuze, tuchukue mkopo wa miaka mitano, tununue gari la kisasa. Makato yatatoka kwenye mishahara yetu wote wawili. Mimi mikopo naiogopa. Nikiwa mtoto niliona watu wakija nyumbani na kuondoka na vitu vyetu kwa sababu ya deni la wazazi, na sijasahau.

Lakini si fedha peke yake. Mwaka jana altaneta ilikufa usiku nikiwa na watoto wetu wawili barabarani. Taa zikaanza kufifia, gari likazima, nikampigia simu mume wangu, na alikuwa mbali. Kifaa kilibadilishwa kesho yake na hakijasumbua tena, lakini yeye tangu usiku ule hapandi gari langu. Tukialikwa mahali pamoja, anatafuta usafiri wake. Juzi mbele ya ndugu zake akasema, "Siku moja hilo gari litaniulia watoto." Mjomba, maneno yale yalinichoma. Nilivyoyasikia mimi, alikuwa anasema mimi ndiye nitakayewaua.

La mwisho ni mdogo wangu wa kiume. Ndiyo kwanza ameanza kazi, na amesema kama nauza, nimuuzie yeye. Mume wangu anasema tumpe upesi kabla gia boksi haijakata kabisa, na hakuna haja ya kumweleza mengi kwa sababu "gari kuukuu kila mtu anajua lina mambo yake." Nikiliwaza hilo sipati usingizi. Nikimwambia ukweli, hataweza kulinunua na kulitengeneza. Nikimficha, nitamtazamaje?

Nitengeneze? Niuze? Nikubali mkopo? Na kuna wakati najiuliza kama ninang'ang'ania gari au ninang'ang'ania kitu kingine.

Ni mimi,
Mwenye Daftari

*

Marahaba, mpwa wangu.

Wanaokucheka hawajakusikiliza. Hapo kwako kuna mambo manne yaliyofungwa fundo moja: kifaa kilichochoka, deni unaloliogopa, maneno ya mumeo yaliyokuumiza, na mdogo wako anayekuamini. Kila mkijaribu kuzungumza, mmoja anavuta uzi huu na mwenzake anavuta ule. Wewe ukisema gari, una maana ya jasho lako na hofu ya deni. Yeye akisema gari, nadhani ana maana ya usiku ule ambao watoto wake walikuwa gizani na yeye yuko mbali. Tutafika huko. Naomba kwanza tuishughulikie gia boksi, kwa sababu maamuzi yote mnayotaka kuyafanya yamesimama juu ya sentensi moja ya fundi.

Fundi wako simdharau. Lakini kwa ulivyoeleza, aliendesha kidogo akatoa hukumu. Hukuniambia kama alipima oili ya gia boksi, na mtu wa daftari kama wewe ungelitaja. Nimeirudia ile orodha yako: oili ya injini, plagi, breki, shokapu, pampu ya maji, rejeta, stata. Oili ya gia boksi sikuiona. Huenda umeisahau tu wakati wa kuandika barua, au huenda kwa miaka yote hiyo haijawahi kumwagwa. Wenye magari wengi huiacha hivyo hivyo wakiamini ni oili ya maisha. Fungua daftari uangalie.

Nakwambia hivi kwa sababu gia boksi ya otomatiki inafanya kazi kwa msukumo wa oili. Oili ndiyo inayozibana sahani za klachi zilizo ndani ili gia ishike. Ikipungua au ikichoka, msukumo hautoshi, na dalili zake ni hizo hizo ulizoandika: gari kukawia kuondoka asubuhi, na injini kupanda mzunguko kati ya gia mbili. Sahani zikiliwa, dalili ni zile zile pia. Ndiyo maana huwezi kujua ni lipi kwa kuendesha tu.

Chukua kitambaa cheupe. Kama gia boksi yako ina kijiti cha kupimia, kichomoe ukipanguse hapo. Oili mpya ya otomatiki mara nyingi huwa nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa imegeuka kahawia bila harufu mbaya, imechoka. Ikiwa nyeusi, inanuka kitu kilichoungua, na ukiisugua kwa vidole unahisi chembechembe, basi sahani zimeliwa na fundi wako alisema kweli. Kwa magari mengi kipimo huangaliwa gari likiwa limepata moto, limesimama mahali tambarare, injini ikinguruma. Wako watengenezaji wanaotaka injini izimwe kwanza, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho kiamue. Yasiyo na kijiti hupimwa kwa chini, na hiyo ni kazi ya gereji.

Kisha kile kishindo. Injini na gia boksi hukaa juu ya mauntingi za mpira, na mpira wa mwaka 2002, kama haujabadilishwa, ni mzee hata kama gari halikutembea sana. Mpira ukipasuka, injini nzima inaruka gia inapoingia, na wewe uliyekaa ndani unasikia mshtuko unaodhani ni wa gia. Fungueni boneti, mmoja akanyage breki barabara, atie D, kisha R, na mwingine asimame pembeni, kamwe asikae mbele wala nyuma ya gari, atazame injini inavyonyanyuka. Ikiruka sana, mmepata sehemu ya jibu kwa bei ya kipande cha mpira. Haitaeleza kwa nini mzunguko unapanda, lakini itaeleza kishindo. Gari la mwaka huo kwa kawaida lina kompyuta pia, na fundi mwenye mashine ya kuisoma anaweza kuona kama kuna solenoidi ya gia, yaani vali ya umeme inayoelekeza oili, inayolalamika. Kwenye baadhi ya gia boksi za zamani kuna na kebo inayotoka kwenye mfumo wa kanyagio la mafuta. Ikilegea, gia zinaingia kwa wakati usio wake.

Haya yote yafanyeni kwa fundi wa gia boksi hasa. Fundi hodari wa injini si lazima awe fundi wa otomatiki, na hilo halipunguzi heshima yake. Mwambie wa kwako kwamba unataka jicho la pili. Kama ni mtu kama ulivyomweleza, hatakasirika.

Lakini ujue na hatari zake. Ukikuta oili imeungua, kuimwaga kunaweza kusilete nafuu yoyote, na mafundi wengi watakuonya kwamba gia boksi iliyokwisha kuliwa inaweza kukata baada ya oili mpya kuingia. Wakikubali kumwaga, iwe kwa kufungua sampu, lile bakuli la oili la chini, na kubadilisha chujio, wasiisukume kwa mashine yenye nguvu. Oili iwe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye kijiti chenyewe. Oili ya CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, na oili ya otomatiki ya kawaida haziingii moja mahali pa nyingine. Na mkifika kwenye kununua ya mtumba, kumbuka unanunua historia usiyoijua. Dai uione oili yake kwanza, na udai muda wa majaribio kwa maandishi.

Sasa nikuambie kinachonitia wasiwasi kuliko gia boksi. Kutu. Umeitaja kwa nusu sentensi ukapita. Ile sehemu ya chini ya milango inabeba gari. Ndiyo inayoshikilia umbo lake likigongwa ubavuni, na mara nyingi ndipo jeki inapokaa. Kabla hujatoa hata senti moja kwa ajili ya gia boksi, gari lipandishwe juu, mtu apite na bisibisi akigonga kwa mpini wake: chini ya milango, mahali pa jeki, mahali mikono ya magurudumu inapofungwa kwenye bodi, na mabomba ya breki yanayopita chini. Bati zima linalia kwa sauti kali. Lililooza linatoa sauti butu, na wakati mwingine bisibisi inazama. Kutu ya juu juu inasuguliwa na kupakwa rangi. Lakini kama mahali pa jeki panabonyea, sioni gia boksi itakayofanya hesabu hiyo ikubali, na nadhani wewe mwenyewe utaona hivyo.

Kuhusu hesabu. Hiyo nusu ya bei inawatisha watu wengi, na ipo kanuni ya mitaani kwamba ukarabati ukifika hapo, uza. Siikatai moja kwa moja, ila bei ya kuuza inamhusu anayeuza. Anayebaki na gari anajiuliza swali jingine: fedha hiyo hiyo ni sawa na makato ya miezi mingapi ya mkopo mnaoufikiria? Kama ni ya miezi michache, na bodi ni nzima, kutengeneza kunaanza kuwa na maana. Upande wa pili nao una nguvu zake. Gia boksi mpya haiondoi umri wa bushi, wa mabomba ya mpira, wa waya. Daftari lako litakusaidia hapa kuliko mimi. Jumlisha gharama za kila mwaka kwa miaka mitatu iliyopita. Kama zinakwenda sawa, gari linakulipa uangalizi wako. Kama kila mwaka zinapanda, gari linakuambia kitu, na mumeo atakuwa na haki ya kuonyeshwa jumla hiyo. Pia mwonyeshe. Usimpe daftari zima kama ushahidi wa kesi, mpe ile mistari mitatu.

Mkopo nao usiukatae kwa sababu ya yale uliyoyaona utotoni, wala usiukubali ili kuonyesha kwamba umeyashinda. Hofu yako ina chanzo halali, na sijui kama mumeo amewahi kusikia kisa hicho chote kutoka kinywani mwako. Unaweza kuanzia hapo. Halafu uliza mambo ya karatasi: jumla mtakayokuwa mmelipa mwisho wa miaka mitano, kama mkopeshaji atadai bima kubwa katika muda wote huo, na nini kitatokea mshahara mmoja ukikatika. Ipo njia ya kujaribu bila kusaini chochote. Wekeni pembeni kila mwezi kiasi kile kile cha makato, wote wawili, kwenye akaunti msiyoigusa, kwa miezi kadhaa. Mkiweza kuishi hivyo bila kubanana, mtakuwa mmejua, na fedha itakuwepo, iwe ni malipo ya awali ya gari jingine, iwe ni gia boksi. Mkishindwa, mtakuwa mmejua pia, na hakuna atakayekuja kuchukua kitu nyumbani.

Sasa mumeo.

Alichosema mbele ya ndugu zake kilikuwa kibaya kwa mahali aliposemea. Lakini naomba usikilize na kile kilicho ndani yake, hata kama hukuambiwa vizuri. Mwaka 2017, ANCAP, shirika linalopima usalama wa magari Australia na New Zealand, liligonganisha Toyota Corolla mbili uso kwa uso, kwa upande mmoja wa mbele, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Moja ilikuwa ya 1998, nyingine ya 2015. Ile ya 2015 ilipata alama 12.93 kati ya 16. Ya 1998 ilipata 0.40. Ni jina moja la gari, na yote mawili ni ya familia ya magari madogo, ila kati yao kuna miaka 17 ya uhandisi. Gari lako la 2002 si lile la 1998, na sina alama zake. Ila kuna kitu ambacho uangalizi haufiki, mpwa wangu. Unaweza kubadilisha oili kwa wakati kila mara, ukawa na breki safi kuliko jirani yako yeyote, na bado daftari haliwezi kuongeza chuma ambacho kiwandani hakikuwekwa. Kusema hivyo si kuutukana uangalizi wako. Inawezekana kabisa kwamba wewe unalitunza gari vizuri sana, na kwamba yeye ana sababu ya kuogopa, vyote kwa wakati mmoja.

Na yeye naye ana la kujibu. Hapandi gari, lakini watoto wanapanda. Kama hofu yake ni ya usalama, kwa nini suluhisho lake limekuwa kutafuta usafiri wake peke yake? Mwulize hilo mkiwa wawili, watoto wamelala, bila kumtega. Labda atakuambia habari ya ule usiku, jinsi alivyoshika simu asijue la kufanya. Au ni aibu ya kushuka kwenye gari lililochuja rangi mbele ya wenzake, na kama ni hiyo, ni heri isemwe kuliko kujificha nyuma ya watoto. Mimi simjui, wewe unamjua. Na wewe pia mwambie ulivyosikia: "Uliposema gari litaniulia watoto, mimi nilisikia ukinitaja mimi." Sidhani kama anajua.

Jambo moja la kumbana nalo kwa upole: gari analotaka lina nini ambacho lako halina? Kuna mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuserereka kwenye kona au dereva anapokwepa kitu ghafla. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014, na huokoa watu. Gari lake analolitamani linao? Lina mifuko ya hewa ya pembeni? Lilipimwa na nani, likapata nyota ngapi? Kama mtakopa kwa miaka mitano mkarudi na gari lililo jipya kidogo tu, kubwa zaidi, lenye skrini nzuri, lakini halina hayo, basi hofu yake itabaki pale pale na yako itakuwa imeongezeka. Kama linayo, utakuwa umemsaidia kusema anachokitaka hasa, na huenda hata wewe ukaanza kukitaka. Inawezekana mkapata gari lenye mambo hayo kwa mkopo mdogo kuliko ule anaoufikiria.

Kuhusu mdogo wako, usingizi wako umeshajibu sehemu. Ila umejifungia kati ya milango miwili, na mimi naona zaidi ya hiyo. Mwambie kila kitu, mpe nakala ya daftari, na umwambie aje na fundi wake mwenyewe. Akijua yote, bei itashuka, na bei iliyoshuka inaweza kumwachia nafasi ya kutengeneza polepole. Au atakataa, na utakuwa umemwepusha na gari litakalokula mishahara yake ya kwanza wakati hana akiba. Hata akikubali kwa hiari, fikirieni kama undugu wenu utahimili siku gari litakapomwacha njiani. Kwa wengine unahimili vizuri sana, kwa wengine hapana. Na ukiuza kwa mtu usiyemjua, lile swali la gia boksi linakwenda nawe. Liandike tu kwenye karatasi ya mauziano, kila mmoja asaini.

Umeniuliza kama unang'ang'ania gari au kitu kingine. Nafikiri gari hili lilikuwa ushahidi kwamba unaweza kusimama mwenyewe bila deni la mtu, na kila anayeligusa unahisi anaugusa ushahidi huo. Ushahidi ulishatolewa, na hauondoki gari likiondoka, wala huhitaji kuliondoa ili uamini hivyo. Sina haraka ya kukuambia uuze au ubaki nalo, maana wenye kuishi na uamuzi huo ni ninyi wawili.

Lakini wiki hii, wakati mnaendelea kuzungumza, fanya mambo matatu kwa ajili ya wale watoto. Angalia umri wa tairi: ubavuni mwa kila moja kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambapo 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi zikifika umri wa miaka 10, zitoke, hata kama kashata bado ziko juu. Mwulize fundi mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Yanafyonza unyevu wa hewa, na yakishajaa maji yanaweza kuchemka kwenye mteremko mrefu na kanyagio likazama, ndiyo maana watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

La tatu ndilo la haraka zaidi. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani iliitwa irudishwe kwa mamilioni duniani, kwa sababu kemikali ya kuifyatua huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifyatuka unaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Magari mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yamo, ya watengenezaji mbalimbali. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako au mpelekee wakala wake, uulize kama limo kwenye orodha na kama lilishafanyiwa kazi. Likiwa limo, kubadilishwa kwa kawaida ni bure. Mpaka upate jibu, watoto wakae nyuma na wafunge mikanda, na kiti cha abiria cha mbele kisikaliwe na mtu. Gia boksi, mkopo na mdogo wako vinaweza kungoja majuma mawili. Namba hiyo iangalie leo.

Wako,
Mjomba